Kati ya mwizi na mteja kuna apu, mbona haiulizwi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, na ukiona barua ndefu usiikate sana maana hili jambo nimelikalia kimya muda mrefu. Mimi ni injinia wa usalama wa bidhaa kwenye kampuni ya fintek, yaani hizi kampuni zinazotengeneza apu za kutuma na kupokea pesa, mikopo ya kwenye simu, malipo ya dukani na vitu vya namna hiyo. Gazeti lenu nalisoma, na kuna kitu kinanikera kila mkiandika habari ya pesa za watu kuliwa mtandaoni. Habari zenyewe huwa za aina mbili tu, ama "wadukuzi wavamia mfumo" na picha ya mtu kajifunika kofia ya sweta uso hauonekani, ama "mteja alitoa namba yake ya siri" halafu mwishoni mkuu fulani anawaasa wananchi wawe makini. Basi, imeisha hiyo. Ila kati ya mwizi na mteja kuna apu, na hiyo apu haikushuka toka mbinguni, kuna watu walikaa kikao wakaamua pesa itoke kwa masharti gani, wapi mtu aulizwe namba ya siri na wapi asiulizwe, kiasi gani kipite bila kusumbua mtu. Hao hamuwaulizi kitu. Mie ndo nakaa nao kila siku kwa hiyo nasema ninachokijua.

Kwanza kazi yenyewe. Ndugu zangu wakisikia nipo sekyuriti wengine wanadhani nalinda geti, wengine wanadhani nakesha mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani nafukuzana na majambazi. Sivyo kabisa. Sehemu kubwa ya kazi ni kusoma na kuuliza. Nasoma maelezo ya kitu kipya kabla hakijajengwa, nasoma programu walizoandika wenzangu, nakaa kwenye mitingi ambazo nusu yake zingetosha kuwa meseji, na humo nauliza maswali ya kuudhi. Mtu akijaza kiasi hasi itakuaje, akatuma hasi mia tano badala ya mia tano, salio lake litapungua au litaongezeka? (Msicheke, hilo tundu ni la zamani sana na bado linakutwa.) Akibadilisha namba ya akaunti kwenye ombi linalotoka simuni kwake akaweka ya mtu mwingine? Akianza kulipa leo akamalizia wiki ijayo wakati bei ya kubadilisha fedha imeshapanda? Anayeidhinisha mikopo anaweza kujiidhinishia wa kwake? Kuna jamaa wawili wa Microsoft, Loren Kohnfelder na Praerit Garg, toka 1999 walishaandika njia ya kuuliza maswali haya kwa mpangilio, inaitwa STRIDE na mpaka leo tunaitumia, ingawa kwenye pesa peke yake haitoshi, kwa sababu yenyewe inauliza mtu anawezaje kuvunja mfumo, na sisi kinachotusumbua zaidi ni mtu anawezaje kutajirika bila kuvunja chochote.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Muuzaji kauza kitu cha 100, mteja kalipa, baadae mteja karudisha sehemu ya mzigo. Apu inamruhusu muuzaji kurudisha pesa yote au kiasi. Developa, yaani mwandishi wa programu, kaandika vizuri tu, soma kilicholipwa, soma kilichokwisharudishwa, kama kinachoombwa hakizidi kilichobaki basi toa pesa, halafu andika kwamba imerudishwa. Ukiipitia harakaharaka huoni shida. Sasa tuma maombi mawili ya 60 kila moja, yapishane kwa chembe ndogo kabisa ya sekunde. La kwanza linasoma, linakuta hakuna kilichorudishwa, linaruhusiwa. La pili linasoma kabla la kwanza halijamaliza kuandika, nalo linakuta hakuna kilichorudishwa, linaruhusiwa vilevile. Zimetoka 120 kwenye mauzo ya 100. Tuma mengi zaidi kwa mpigo na muuzaji huyo hana haja ya kuuza tena, akae tu anarudishia akaunti ya shemeji yake. Nilipomwonyesha kijana aliyeiandika akaniuliza, "Sasa dada, nani atakaa abonyeze kwa spidi hiyo?" Habonyezi mtu, ni skripti, yaani programu fupi inayotuma maombi yenyewe, inaandikwa kwa muda wa kunywa chai. Na hata bila mwizi, simu ikiwa kwenye mtandao mbovu inarudia kutuma ombi yenyewe, mwenye simu hajui, kwa hiyo tundu hilo lingewapata hata watu waaminifu. Dawa yake sio ngumu, unaifunga ile rekodi ya malipo mpaka ombi la kwanza liishe, na kila ombi unalipatia namba yake ya pekee ili likija mara ya pili mfumo useme hili nilishalifanya. Tukarekebisha tukaendelea na mengine. Ila ingepita ikaingia hewani halafu mtu akaitumia, gazeti lingeandika wadukuzi wamevamia.

Na hizi sio ngano. Mwaka 2014 kuna kampuni ya kuhifadhi bitcoin ilikuwa inaitwa Flexcoin, mtu alituma maombi maelfu kwa pamoja ya kuhamisha pesa kutoka akaunti moja kwenda nyingine kabla salio halijapata nafasi ya kusasishwa, zikaondoka bitcoin 896, kampuni ikafunga. Hakuna aliyevunja usimbaji, yaani ule ufichaji wa taarifa, wala kuiba paswedi ya mtu. Alitumia kitufe cha kuhamisha pesa, kile kile walichopewa wateja wote.

Kitu ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba ukipigwa kwa njia hii mfumo haulii. Hamna taa nyekundu. Kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo, kila kitu kimefanikiwa, seva zipo sawa, mteja kahudumiwa. Anayegundua mara nyingi sio sisi wa sekyuriti na mashine zetu za bei mbaya, anagundua mhasibu anayelinganisha hesabu zetu na za benki asubuhi akakuta pande mbili hazikubaliani. Ndo maana mimi siku hizi rafiki yangu mkubwa ofisini ni dada wa uhasibu. Uandishi wa hesabu wa pande mbili aliuchapisha Luca Pacioli kule Italia mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wanautumia kabla yake, na mpaka sasa sijaona kinga ya kiteknolojia inayoushinda kwenye hii kazi yetu: kila pesa iliyotoka lazima ionekane imeingia wapi, na mstari ukishaandikwa haufutwi, ukikosea unaandika mwingine wa kusahihisha. Kampuni nyingi changa zinaanza na safu moja tu kwenye databesi imeandikwa "salio", inaongezwa na kupunguzwa, historia hamna. Hapo siku hesabu ikikataa hata pa kuanzia kutafuta hupajui.

Au chukueni habari ya Robinhood, ile apu ya Marekani ya kununua hisa, Novemba 2019. Wateja waligundua kwamba ukikopa pesa kwao ukanunua hisa kisha ukauza haki fulani juu ya hizo hisa, mfumo ulikuwa unahesabu vibaya na kukuongezea uwezo wa kukopa, basi unakopa tena, unauza tena, unakopa tena. Kuna mtu aliweka dola 4,000 akajenga uwekezaji wa dola milioni moja. Watu wakawa wanajipiga picha na kujisifu kwenye mitandao. Sasa hapo mdukuzi ni nani? Kila mtu aliingia kwa jina lake, kwa paswedi yake, akabonyeza vitufe alivyopewa. Hesabu ya apu ndo ilikuwa mbovu.

Mnaweza kusema hizo ni za masoko ya hisa na sarafu za mtandaoni, benki kubwa hazina mambo hayo. Citigroup mwaka 2011 walitangaza kwamba taarifa za wateja wao wa kadi za mkopo zimechukuliwa, ikaja kujulikana ni akaunti zaidi ya 360,000. Magazeti ya kule yakaandika wadukuzi, wadukuzi. Namna yenyewe ilivyokuwa inasikitisha: mtu alikuwa anaingia kwenye akaunti yake halali, halafu pale juu kwenye anwani ya ukurasa kulikuwa na namba, ukiibadilisha unaletewa akaunti ya mwingine. Wakaandika skripti ibadilishe namba usiku na mchana. Ni sawa na mlinzi wa getini anayekuuliza jina na kitambulisho kwa ukali wote, ukishaingia ndani unafungua chumba chochote unachotaka na hakuna anayekuuliza kama ni chako. Hili ndo kosa ninalolikuta kuliko yote, na sio mimi peke yangu, wale OWASP wanaotoa orodha ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti, toleo la 2021 waliliweka namba moja, na orodha yao ya API (ile milango ambayo programu moja inaongea na nyingine) ya 2019 na ya 2023 zote mbili zinaanza na hilohilo. Mashine za kupekua programu haziligundui kirahisi kwa sababu mashine haijui akaunti namba fulani ni ya nani, kwake ombi limejibiwa vizuri basi. Lazima akae mtu anayeelewa biashara, afungue akaunti mbili za majaribio, ajaribu ya kwanza kuifungua akiwa ndani ya ya pili, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya kuchosha hiyo, haina picha ya kofia ya sweta.

Sikatai wezi wa kweli wapo na wengine ni hatari. Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016, ule ulikuwa uvamizi hasa, waliingia kwenye mitambo ya benki, wakatuma maagizo 35 kupitia SWIFT, mtandao wa benki duniani wa kutumiana maagizo ya malipo, kwenda Benki Kuu ya Marekani ya New York (Federal Reserve) wakitaka karibu dola milioni 951. Lakini hata hapo angalieni kilichookoa na kilichoangusha. Walianza Alhamisi usiku, na kule Bangladesh wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Uthibitisho wa maagizo ulikuwa unatoka kwenye printa, wezi wakaizima printa, wafanyakazi wakadhani imeharibika kama printa zinavyoharibikaga. Dola milioni 81 zikafika Ufilipino. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zikarudishwa kwa sababu wezi waliandika vibaya neno la Kiingereza la taasisi, badala ya "foundation" wakaandika "fandation", mtu akashtuka. Na maagizo mengine mengi yalisimamishwa kwa sababu anwani ya tawi la benki kule Ufilipino ilikuwa na neno Jupiter, likafanana na jina la meli iliyokuwa kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani. Yaani mamia ya milioni za dola za nchi yaliokolewa na jina la mtaa! Mimi nikisoma habari kama hiyo sijiulizi wezi walikuwa werevu kiasi gani. Najiuliza mbona maagizo ya kiasi hicho, kwenda kwa watu ambao hawajawahi kulipwa, usiku wa kuamkia wikiendi, yalikuwa hayahitaji mtu wa pili kupiga simu.

Sasa upande wa mteja, maana hapo ndo nakereka zaidi. Mtu kapigiwa simu, kaambiwa kuna muamala wa kutiliwa shaka kwenye akaunti yako, nitumie namba uliyopokea tuuzuie, akaitaja, pesa ikaenda. Kesho yake analaumiwa kwenye gazeti. Ni kweli aliitaja. Lakini hebu isomeni ile meseji aliyopokea. Mara nyingi imeandikwa namba yako ni hii, usimpe mtu, basi. Haisemi namba ni ya kufanyia nini. Mtu mwenye hofu anaambiwa ni ya kuzuia wizi, atajuaje kwamba ni ya kuruhusu kutuma pesa yake yote kwa mtu asiyemjua? Meseji ingesema "unatuma kiasi hiki kwenda kwa fulani", huyo tapeli angepata kazi kidogo ya kueleza. Na hii sio ndoto zangu, Ulaya toka Septemba 2019 sheria yao ya malipo inataka namba ya uthibitisho ifungwe na kiasi na mpokeaji, vikibadilika vyote au kimojawapo namba inakufa, na mteja lazima aonyeshwe analipa nani na kiasi gani. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, nayo ilishaiweka SMS kwenye kundi la njia za kutumika kwa tahadhari, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa ikaenda kwa mwizi wakati wewe unashangaa mbona mtandao haukamati.

Uingereza ndo wamenifurahisha. Toka tarehe 7 Oktoba 2024, mtu akitapeliwa akatuma pesa yeye mwenyewe kwa mkono wake kwenye mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo, kampuni inatakiwa imrudishie, mpaka pauni 85,000, nusu inalipa kampuni iliyotuma na nusu iliyopokea. Kuna masharti yake, kama ulizembea kupita kiasi hupati, ila mzigo umehama. Na mzigo ukihama ndo utaona kikao kinavyobadilika, mimi nakijua kikao. Kabla ya hapo nikisema tuweke kusubiri kidogo mtu anapomtumia pesa nyingi mtu mpya kwa mara ya kwanza, bosi wa bidhaa anasema "dada, utatupunguzia wateja, watu wanataka haraka". Mwizi naye anataka haraka, tena kuliko mteja. Ila siku kampuni ikijua pesa hiyo itatoka mfukoni kwake, huyohuyo bosi ndo atakuja kuuliza hatuwezi kusubirisha zaidi kidogo.

Msinielewe vibaya, wenzangu sio wajinga wala wabaya. Developa ana dedilaini, ana mtu wa biashara anayemuuliza kila asubuhi kitu kimefikia wapi, na mimi nakuja na karatasi yangu ya maswali siku mbili kabla ya uzinduzi. Anayekuja siku hiyo anaonekana adui tu. Ndo maana nang'ang'ania kukaribishwa mwanzo, wakati kitu bado ni mchoro ubaoni, maana hapo kubadilisha ni kufuta mstari. Na pale tunaposhindwana kuna fomu ya kukubali hatari, mkubwa mmoja anaweka sahihi kwamba tundu hili analijua na anakubali liende hivyo mpaka tarehe fulani. Hiyo fomu naipenda kuliko maonyo yote, kuna watu hugoma kabisa kusaini, na tundu linazibwa jioni hiyohiyo.

Kuna na uchafu mwingine wa kila siku nisiourefushe. Maktaba za programu (vipande vilivyoandikwa na wengine ambavyo tunavitumia) zilizochakaa, kwa mfano Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo ya watu, 2017, kiraka cha kuziba tundu kwenye maktaba ya Apache Struts kilitoka Machi, wezi wakaingia Mei kwa tundu hilohilo, taarifa za watu kama milioni 147, na miaka miwili baadae wakakubali kulipa mpaka dola milioni 700. Funguo za siri zinazosahaulika ndani ya programu. Logi zinazohifadhi paswedi za wateja kwa sababu mtu alikuwa anatafuta bagi, yaani kosa kwenye programu, akaamua kuandika kila kitu kinachopita, hata hao Robinhood niliowataja walikiri kitu kama hicho mwaka huohuo wa 2019. Na mambo ya kadi, zile tarakimu tatu za nyuma hairuhusiwi kabisa kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa, kanuni za kadi za PCI DSS zimesema wazi, na bado unakuta mtu kazitunza "kwa muda tu".

Halafu kuna vijana. Wapo wengi nje huku wanaojua kutafuta matundu, na anapolipata moja kwa nia njema hajui pa kulipeleka. Anaandika huduma kwa wateja, anajibiwa "asante kwa kuwasiliana nasi, je umejaribu kuzima na kuwasha simu?". Akisisitiza anatishiwa polisi. Netscape, waliotengeneza kivinjari cha mtandao cha zamani, walianza kuwalipa watu wanaowaletea bagi toka 1995, sasa hivi ni jambo la kawaida duniani, na toka 2022 kuna utaratibu unaoeleweka wa kuweka faili dogo la security.txt kwenye tovuti linalosema ukiona tundu tuma hapa, kuliandika hakumalizi hata dakika kumi. Nikiri tu kwamba mimi ninayepokea hizo ripoti nyingine zinanitia hasira, mtu kaendesha mashine ya bure akanakili matokeo bila kuyasoma halafu anadai malipo kwa kutishia, nyingi ndo za hivyo. Lakini katikati ya takataka hizo ndo inakuja ile moja iliyoandikwa na kijana aliyefungua akaunti mbili akajaribu vizuri kwa utaratibu, na hiyo moja inalipia usumbufu wote. Wazazi wanaoniuliza mtoto asome nini ili aingie hii kazi nawaambia programu ndiyo, mitandao ndiyo, ila na uhasibu kidogo, wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Sasa ombi langu kwenu. Siku nyingine kampuni ikiwaletea taarifa kwamba imeshambuliwa na "wadukuzi wa hali ya juu", msiichape kama ilivyo. Waulizeni pesa ilitoka kupitia kitu gani, kitufe gani, ombi gani, na mtu wa kawaida mwenye akaunti angeweza kufanya hivyohivyo? Waulizeni hilo tundu lilikuwepo toka lini na kama kuna mtu alishaliripoti akapuuzwa. Waulizeni ni wao walioligundua au ni mteja aliyelalamika, au ni benki. Na mteja akilaumiwa kwamba katoa namba, ombeni kuiona ile meseji, ichapeni gazetini neno kwa neno wasomaji waamue kama inaeleweka. Watasema ni siri za kiusalama. Meseji iliyotumwa kwa wateja wote sio siri. Na tundu lililokwishazibwa likielezwa halimsaidii mwizi, linamsaidia developa wa kampuni nyingine ambaye kesho asubuhi anaandika kitu kilekile, na mimi nitakuwa wa kwanza kulikata hilo gazeti na kulibandika ukutani ofisini juu ya mashine ya kahawa.

Mwandishi wenu akikwama kwenye maelezo ya kitaalamu aliyopewa na kampuni yoyote anitafute kupitia kwako, nitakaa naye tuyasome mstari kwa mstari. Ya kazini kwangu sitasema, mkataba hauruhusu.

Msomaji wenu,
Injinia wa usalama wa bidhaa
(Jina na anwani anavyo mhariri)